Bi Mwanaasha na Daftari la Hapana

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Mwanaasha Twalib, Mkutubi Mwandamizi na mkuu wa huduma za wasomaji, anastaafu baada ya kuitumikia maktaba ya chuo chetu kwa miaka thelathini na minne kasoro mwezi mmoja. Huo mwezi mmoja kautaja mwenyewe. Sisi tulikuwa tayari kuufumbia macho, akakataa, maana takwimu ya uongo haipendi hata ikiwa ya kumsifu yeye.

Alizaliwa Tandika, akasoma hapahapa Temeke, akaingia maktaba Agosti 1991 kama msaidizi wa kupanga vitabu rafuni. Akapanda ngazi moja moja: stashahada, shahada, kisha uzamili alioupata huku akilea watoto watatu. Waliomkuta miaka ile wanasema alikuwa mkali, nami nathibitisha kwamba ukali wenyewe haujaisha wote. Ukikamatwa unatafuna karanga karibu na vitabu, zilizobaki ulizimalizia nje ya geti. Mwaka 1998 alibuni ubao wa wachelewaji, ukatundikwa mlangoni ukiwa na majina ya wanafunzi waliochelewesha vitabu. Vitabu vikarudi mbio, uongozi ukampongeza, naye akauonea fahari ubao wake kwa miaka mingi.

Mwaka 2014 ulitukuta pabaya. Baraza la chuo lilitaka ukumbi wetu wa chini wa kusomea, wenye viti mia mbili na kumi, ugeuzwe ofisi za usajili, kwa sababu viti vingi vilikuwa vikikaliwa na vumbi. Tulipewa miezi mitatu tuandae mpango mkakati wa kuonyesha kwamba ukumbi una kazi. Mimi Jonas, niandikaye wasifu huu, nikakabidhiwa utafiti wa maoni ya wanafunzi, nikauwasilisha kwa mbwembwe zote: asilimia tisini na nne wanaridhika na huduma zetu! Bi Mwanaasha akauliza niliwahoji wapi. Nikamwambia mlangoni mwa maktaba. Alicheka mpaka akashika meza. “Jonas mwanangu, umekwenda harusini kuwauliza walio ndani kama wamealikwa. Hao wasiokuja umewauliza?”

Mzee Kasimiri wa kitengo cha ununuzi wa vitabu hakulipenda hata neno mteja, tulilotaka kuliandika kwenye mpango badala ya msomaji, akataka kujua tangu lini maktaba inauza vitunguu. Bi Mwanaasha akamjibu kwamba muuza vitunguu wa Tandika anamjua mteja wake, na asipomwona siku tatu humuulizia kwa majirani. Sisi tumewahi kumuulizia nani?

Basi tukatoka kwenda kuwaulizia. Kwa wiki mbili nilimfuata na jalada langu kwapani, kwenye steshenari ambako wanafunzi walikuwa wakitoa kopi za vitabu, na kwenye vyumba vyao vya kupanga. Chumba kimoja huko Manzese kilikuwa cha kijana aitwaye Fakihi. Alipoona kitambulisho cha maktaba kikining'inia kifuani mwa mama mwenye ushungi, alichomoa kitabu chini ya godoro. “Shikamoo mama! Kitabu kipo, mie sijakiuza, hata ukurasa sijakunja!” Kilikuwa kitabu cha takwimu, na alikuwa amekaa nacho miezi minane.

Tulipomtuliza akaeleza. Kitabu cha kuazima jioni kilitakiwa kurudi saa mbili asubuhi. Wakati ule Fakihi alikuwa akiishi kwa mjomba wake Pugu, mbali na chuo, na siku hiyo alifika kampasi saa tatu. Alipoingia mlangoni na kitabu mkononi, akalikuta jina lake limeshaandikwa ubaoni na wenzake wa darasa wamelizunguka wakicheka. Aligeuka nacho palepale. Tangu siku ile hakukanyaga tena maktaba, na mitihani miwili alikuwa ameifeli.

Kesho yake nilipoingia kazini nilimkuta Bi Mwanaasha amesimama juu ya kiti, bisibisi mkononi, anaufungua ubao wake mwenyewe. Alikuwa akilia, na hakujificha. Nilimheshimu siku ile kuliko siku nyingine yoyote, na ninasema haya akiwa ananisikia.

Pale ulipokuwa ubao akaweka meza ndogo na daftari kubwa la jalada jeusi. Sharti lilikuwa moja: mfanyakazi yeyote akimwambia msomaji hapana, aandike ni nani aliyeomba, alitaka nini, kwa nini amekataliwa, na tutachukua hatua gani. Kila Jumatatu tulisomeana. Mzee Kasimiri alipinga wiki nzima, kisha hapana zake peke yake zikajaza kurasa kumi na moja.

Mpango mkakati wetu ulitoka humo. Vitabu vya jioni vikaruhusiwa kurudi hadi saa sita mchana, masanduku ya kurudishia yakawekwa kwenye steshenari za Manzese, na Jumapili mlango ukawa wazi. Mbele ya baraza Bi Mwanaasha hakuwasha projekta. Alifungua daftari akawasomea hapana arobaini, moja baada ya nyingine, mpaka baraza likatupa mwaka mmoja wa kujaribu. Mwaka ulipoisha tukaingia ukumbini kuhesabu vichwa, na ofisi za usajili zikatafutiwa mahali pengine. Fakihi alimaliza shahada, sasa anafundisha sekondari Kilwa. Kitabu cha takwimu kiko rafuni, na ni kweli, hakikukunjwa.

Daftari sasa ni la saba. Bi Mwanaasha amejenga Pugu, na husema sasa miguu yake inajua saa mbili asubuhi ni mbali kiasi gani. Huko ana bustani ya mchicha na wajukuu wanne, ambao tunawaonea huruma kidogo kwa habari ya karanga.

Mliokaa leo hapa uani, mkijipepea kwa karatasi hii, mtauliza kwa nini sherehe ya mtu mkubwa hivi inafanyika chini ya turubai. Tuliomba ukumbi wa chini kwa saa mbili tu. Jibu limo daftarini, kwa mwandiko wake, na ndilo la mwisho aliloandika: “Waombaji: wafanyakazi wenzangu. Wanataka: ukumbi wa chini, waniage. Jibu: hapana. Sababu: wanafunzi wana mitihani, na viti vyote vina watu. Hatua: wakodi turubai, na wapunguze sauti ya spika.”

Tumepunguza, mama. Ahsante kwa kila hapana uliyotufundisha kuiandika. Mungu akujalie afya, na mapumziko yako Pugu yawe ya raha. Nenda salama, Bi Mwanaasha. Viti vyote vina watu.