Bi Gossage, Aliyetuvusha Hata Tulipokuwa Hatuna Pa Kwenda

Bi Winifred Gossage, mvushaji wa watoto barabarani hapa kijijini Scrimley, alistaafu rasmi Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024, baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi. Katika hiyo, kumi na mmoja ya mwisho aliitumikia kazi ambayo haikuwepo. Halmashauri ya kijiji imeniomba mimi, karani wake, niandike machache kwa ajili ya jarida letu, nami nimekubali kwa sababu kukataa kungeonekana utovu wa adabu. Adabu hiyohiyo ndiyo iliyotuponza, kama mtakavyoona.

Alianza kazi mwaka 1986, mimi nikiwa darasa la kwanza. Alikuwa na koti la manjano lililomfika chini ya magoti, na fimbo ndefu yenye kibao cha duara juu, ambayo akiinyanyua hata matrekta ya kina Hobday yalifunga breki. Kabla hujavuka ulikaguliwa kwanza: "Umekunywa chai? Leso iko wapi? Na mwavuli je?" Ukifaulu, mnasema pamoja kwa sauti: kulia, kushoto, kulia tena. Siku moja nilikurupuka bila kusema. Alinidaka kwa kofia ya koti langu, miguu ikabaki inapiga hewa. "Wewe Hilary, unawahi wapi? Hesabu hazikimbii!" Na siku nilipokuwa naenda kanisani kuolewa, Jumamosi, siku ambayo hata kazini hakuwa, alitoka na fimbo yake akanisimamisha ukingoni mwa barabara na shela langu mpaka niseme. Nikasema. Baba naye akasema.

Shule ilifungwa mwaka 2013. Watoto wakawa wanapelekwa mjini kwa basi, na jengo likageuzwa nyumba za watu wa London wanaokuja wikendi mojamoja. Jumatatu iliyofuata, Bi Gossage alikuwa palepale na fimbo yake. Sisi tukadhani wilaya, iliyomwajiri, haijamwambia. Wilaya ikadhani tumemwambia sisi. Na nani angeanza kumwambia mama wa watu kwamba shule iliyo nyuma ya mgongo wake haipo? Angejisikia vibaya, na asubuhi yote ingeharibika.

Halmashauri ikamtuma mwenyekiti, Meja Tancred Oldacre, mwanajeshi mstaafu aliyewahi kupigana vitani. Alitoka nyumbani na hotuba yake kichwani. Alipofika, Bi Gossage alimwambia, "Naona mawingu yanakuja, Meja," akasimamisha magari, na Meja akajikuta ng'ambo. Kurudi papo hapo aliona haya, maana angeulizwa alikwenda kufanya nini. Akazunguka kupitia mashamba ya kijiji jirani, akazama kwenye tope hadi magotini, akafika kwake wakati wa chakula cha mchana. "Hali ikoje?" tukamuuliza. "Mawingu," akajibu.

Wengine watano walitumwa baada yake. Wote walivushwa.

Hapo ndipo mazoea yalipoanza. Ilionekana ukatili kumwacha asimame peke yake, kwa hiyo tukapanga foleni kila asubuhi tukavuka. Ng'ambo ile hakuna kitu, ila ukuta wa shule na sanduku la barua jekundu. Ili tuwe na sababu, tukaanza kuandikiana barua, sisi tunaoishi mlango kwa mlango. Mke wa Meja, kwa kukosa wa kumwandikia, alijitumia kadi mwenyewe, na akawa anazijibu. Dereva mmoja mgeni alitoa kichwa dirishani akauliza, "Mama, hao watoto wako wapi?" Bi Gossage akamwonyesha Meja, mwenye umri wa miaka sabini na moja. "Huyo hapo. Na wewe umekunywa chai?" Jamaa akazima injini.

Mtacheka, na mcheke tu. Lakini niruhusuni niseme habari ya Bwana Ambrose Tuckwell, fundi saa wetu wa zamani, anayekaa pale mkabala na kivuko. Mkewe Enid alipofariki, Bwana Tuckwell alifunga mlango. Tulimpelekea keki, tukaziacha kizingitini, tukaondoka kwa kunyata ili tusimsumbue. Keki zikaliwa na ndege. Bi Gossage hakupeleka keki. Alikwenda katikati ya barabara, akanyanyua fimbo, akayasimamisha magari pande zote mbili, akageukia nyumba ya Tuckwell, akatulia. Foleni ikafika hadi kanisani. Hakuna aliyepiga honi, ila kila mtu alilitazama lile dirisha. Na Bwana Tuckwell, kama alivyolelewa, asingeweza hata kwa kufa kuwaweka watu wakimngoja. Alitoka na ndara zake, akavuka, akiomba radhi gari moja baada ya jingine. "Umekunywa chai, Ambrose?" Hakuwa amekunywa. Tangu siku hiyo hakukosa asubuhi hata moja, na kwa siku nyingi hayo ndiyo maneno pekee aliyosemeshwa.

Mwaka huu, majira ya kuchipua, nilipigiwa simu na Mavis, dada yake Bi Gossage, anayeishi pwani ya Devon. Alikuwa amefura kwa hasira. "Nyie watu hamna huruma? Magoti ya mdogo wangu yamekwisha, chumba nimemwandalia miaka sasa, na nyie hamumwachii!"

"Sisi?" nikasema. "Sisi tunamngoja yeye aache!"

"Ataachaje? Tangu siku shule ilipofungwa anataka kuja. Ananiambia hawezi, watu bado wanavuka. Itakuwa si adabu kuwaacha."

Nilikaa chini. Miaka kumi na mmoja, jamani! Sisi tunavuka kwa ajili yake, na yeye anasimama na magoti mabovu kwa ajili yetu.

Tuliitisha mkutano. Kila mtu alikubali kwamba lazima aambiwe, na kila mtu aliangalia biskuti yake. Bwana Tuckwell alikuwa kiti cha nyuma. Tuliona aibu hata kumtazama, maana Bi Gossage akienda, yeye ndiye angebaki na mlango wake.

Kesho yake foleni ilikuwa kama kawaida, Bwana Tuckwell mbele. Bi Gossage akanyanyua fimbo. Magari yakasimama. Tuckwell hakutikisika.

"Vuka, Ambrose, watu wanangoja."

"Yaache yapite, Win."

"Una nini leo?"

"Yaache yapite. Nitavuka mwenyewe."

Akaishusha fimbo, nadhani kwa mshangao tu. Magari yakapita. Bwana Tuckwell akasema kwa sauti: kulia, kushoto, kulia tena. Akavuka. Alipofika ng'ambo akageuka, akampungia mkono. "Umeona? Nenda kwa dada yako, Win. Kapumzike." Bi Gossage alilia waziwazi, na sisi sote tukatazama mawingu.

Sherehe ilifanyika ukumbini kwa chai na mikate iliyotiwa vipande vya matango. Kisha tukagundua kwamba miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumvusha yeye. Meja akachukua fimbo. Barabara ilikuwa tupu, na tuliona haifai kumvusha bila gari la kusimamisha, kwa hiyo tukangoja. Gari lililotokea hatimaye lilikuwa la Mavis, aliyekuja kumchukua, na lilisimamishwa ipasavyo.

Bi Gossage, asante kwa kutufikisha ng'ambo salama, hata pale ambapo ng'ambo hapakuwa na kitu. Upumzishe magoti, ule samaki wa Devon, na uishi kwa raha siku zote zilizobaki. Bwana Tuckwell ananiomba niongeze kwamba leo amekunywa chai, mwavuli anao, na amevuka mara mbili.