Roboti wa Kifipa

Haisi iliyotoka Mwese ilikuwa inakaribia Mpanda mjini, na Nassib, siti ya nyuma, alijifanya amelala ili asikie vizuri. Mbele yake dada mmoja na jamaa mmoja, waliofahamiana humohumo garini, walikuwa wanabishania ile tamthilia ya vyombo vya angani iliyorudishwa baada ya miaka mingi.

“Safari hii picha kali, dada’angu. Chombo kinang’aa kama sufuria mpya!” jamaa alisifia.

“King’ae kising’ae, roboti wamemharibu. Zamani alikuwa anagomba kwa lafudhi ya Kifipa, kibanda cha video kizima hoi. Sasa Kiingereza kitupu!”

“Ile ilikuwa sauti ya DJ aliyetafsiri, dada. Huyu wa sasa ndiye roboti mwenyewe.”

“Mwenyewe wapi! Huyo wamemwokota tu.”

Nassib alibana kicheko mpaka mbavu zikamuuma. DJ alikuwa yeye, akirekodi chumbani kwake Kawajense, na ile lafudhi aliiiba kwa mama mkwe wake.

Walipofika Makanyagio akakohoa, kisha akaita kwa sauti ya yule roboti wa zamani: “Konda! Mnanipeleka wapi nyie? Shusha!”

Gari likasimama. Dada akaruka kwenye kiti.

“Si nilikwambia? Roboti mwenyewe huyu hapa!”