Sista Generoza Luhaga: Miaka 34 ya Kumwacha Mtoto Mikononi mwa Mama

Sista Generoza Luhaga anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia Hospitali ya Misheni ya Mwalunyili, nje kidogo ya mji wa Bariadi, kwa miaka thelathini na minne kasoro siku moja. Siku hiyo moja ni kosa lake mwenyewe. Barua ya ajira ilimtaka aripoti tarehe 1 Julai 1991, naye akalikosa basi la asubuhi kutoka kwao Malampaka. Aliripoti tarehe 2 na hajachelewa tena.

Alianza kama muuguzi wa wodi ya wazazi. Kabla ya hapo alikuwa mnovisi kwa miaka mitatu, akatoka utawani kwa hiari na bila ugomvi, na hakuolewa wala kuzaa. Mwaka 2001 alihitimu uuguzi wa afya ya akili. Mwaka 2006 alirudi kutoka Nairobi na stashahada ya ushauri nasaha pamoja na sanduku la vitabu vya saikolojia ya kina, yaani elimu inayochunguza ile sehemu ya nafsi ambayo mwenyewe haioni lakini inamwendesha, na inayojitokeza katika ndoto. Alivisoma wakati wa chai, na jina la Sista Ndoto likamganda.

Tulimtania, kisha tukaanza kumpelekea ndoto zetu. Dereva wetu Masele aliota mara tatu kwamba gari la wagonjwa limepinduka mtoni. Sista alimuuliza lini mara ya mwisho alimsalimia mama yake mzazi. Masele alikasirika, akaomba likizo, akaenda. Gari halijapinduka mpaka leo, ingawa Sista mwenyewe hakubali kupewa sifa hiyo. Sifa nyingine ambazo hastahili ni za uimbaji (kwaya imemtoa mara mbili) na za pikipiki, aliyojifunza akiwa na miaka hamsini na mmoja. Alitumbukia nayo kwenye shamba la pamba, akatoka na pamba kichwani, akaendelea na safari ya kliniki.

Fundisho lake kuu lilikuwa fupi. Mwili wa kwanza ambao binadamu anauamini ni wa mama yake. Baadaye anaupeleka mwili wake kwa mwenzi, na roho yake mbele za Mungu, na kote huko anabeba swali lile lile: je, nitapokewa? Ndiyo maana hakuwa tayari kumtibu mwanamke kwa vipande, titi kwa muuguzi, kitanda kwa mshauri wa ndoa na dhambi kwa padri. Wengi wetu tuliona hayo ni maneno ya vitabuni mpaka Mei 2008, alipoletwa Kija.

Kija ameruhusu tutaje jina lake. Alisema tukiandika jina jingine, watu wa kijijini kwake Ngulyati watadhani aliyepona ni mwingine. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mke wa Maduhu, mkulima wa pamba na mfugaji. Mtoto wao wa kwanza, Kabula, alikuwa na miezi mitatu na uzito wa kilo tatu na gramu mia tisa. Kwa siku sita Kija alikuwa amekataa kumnyonyesha. Aliyakamua maziwa na kuyamwaga nyuma ya nyumba, huku mtoto akipewa uji mwepesi. Alikuwa amehamia jikoni kulala, na kanisani haendi.

Chanzo kilikuwa neno moja. Mama mkwe wake, Ng'washi, aliiangalia miguu ya mtoto ikizidi kukonda akasema amebemendwa, yaani wazazi wamerudiana kitandani mapema na maziwa ya mama yameharibika. Kija aliamini. Kwa kuamini, akamnyima mtoto chakula pekee ambacho kingemnenepesha.

Wakubwa walikuwa na mipango miwili. Ukoo wa Maduhu ulitaka Kabula apelekwe kwa shangazi yake Bukundi, kwenye ng'ombe wa maziwa. Daktari Selestini, mganga mkuu wetu wa wakati huo, alikuwa ameshaandika rufaa ya Kija kwenda wodi ya akili ya mbali, isiyopokea watoto wachanga. Wote walitaka heri. Kwa vyovyote, Kija angebaki bila mtoto.

Sista alipinga yote mawili, kisha yeye mwenyewe akaanza kwa kukosea. Siku ya kwanza alimpa Kija somo la dakika arobaini, na picha ukutani, kwamba tendo la ndoa haliharibu maziwa. Kija alisema, "Nimeelewa, sista. Asante sana." Kesho yake asubuhi alikutwa akiyamwaga kwenye karo. Faili bado lipo, na mwandiko ni wa Sista: "Nimemfundisha. Sikumsikiliza." Tangu hapo alimwambia Kija kitu kimoja tu: kamua, hata ukitaka kumwaga, lakini kamua. Kisha akaketi.

Siku ya tatu Kija alizungumza. Leo hayo anayasema mwenyewe mbele ya akina mama wa kliniki. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, na siku ya mazishi aliambiwa asilie. Tangu azae alikuwa akimwota mama huyo akifunga mlango wa nyumba, yeye yuko nje. Na kuhusu kitanda, alisema hivi: "Maduhu alikuwa tayari kusubiri. Mimi ndiye niliyemwita. Mama anayemtaka mume namna ile, Mungu atampaje mtoto?" Sista alimwambia Daktari Selestini kwamba mtoto akiondolewa sasa, Kija atakuwa amethibitishiwa kuwa yeye ni sumu, na hakuna dawa ya hospitali yoyote itakayomtoa hapo.

Siku ya nne Maduhu alifika na blanketi la kumbebea mtoto hadi Bukundi. Sista alimkuta mlangoni, akamsalimia, akauliza habari za mifugo.

"Mtamba wako akimkataa ndama wa kwanza, baba, unafanyaje?"

"Namfunga karibu naye. Ndama nampaka chumvi mgongoni, mama amlambe."

"Humchapi?"

"Ukimchapa anazidi kumkataa."

"Na ndama humpeleki Bukundi?"

Maduhu alilikunja blanketi. "Sista, kumbe ulikuwa unanitega."

Aliombwa siku saba, akatoa tano. Kutoka kitandani, Kija, ambaye hakuwa ametania tangu aletwe, alisema, "Mimi chumvi sitaki." Daktari naye alikubali barua yake ilale mezani siku hizo tano. "Ya sita gari linaondoka," alisema, na alimaanisha.

Siku tatu zikapita. Kija alikamua, akamwaga, akamlalisha mtoto ubavuni, na titi hakumpa. Kabula, aliyelishwa na wauguzi kwa kikombe, alipungua gramu sitini. Sista hakuficha uzito huo. Aliuandika ubaoni pale Daktari angeuona.

Ndipo alipomwita Ng'washi, kwa hoja kwamba neno lililomfunga Kija lilitoka kinywani mwake na somo la muuguzi haliwezi kulifungua. Ng'washi hakuja kwa upole. Alisimama katikati ya wodi akasema, "Wewe sista, titi lako limenyonywa na nani, hata umfundishe mkwe wangu?"

"Hakuna, mayu," Sista alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Ndiyo maana nimekuita wewe uliyenyonyesha saba."

"Nane," Ng'washi alisema.

Hesabu ya ukoo ilikuwa saba. Sista alimsogezea kiti. Ng'washi alieleza kuwa kabla ya hao saba alizaa mwingine, akakonda hivi hivi, na mama mkwe wake akatamka neno lile lile. Aliacha kumnyonyesha. Mtoto akafa, na kwa miaka zaidi ya thelathini hakuna aliyelitaja jina lake. Kija aliyasikia yote, kwa kuwa kitanda chake kilikuwa hatua mbili tu. Muuguzi wa zamu alitaka kusema kitu, Sista akamzuia kwa mkono.

Kikombe cha maziwa aliyokamua Kija asubuhi ile kilikuwa dirishani, hakijamwagwa bado. Ng'washi alikichukua, akajimiminia kidogo kiganjani, akalamba. Akakaa kama anayeonja mboga. "Ni matamu," alisema. "Haya hayana kosa. Nilikosea mimi. Lete mtoto, ng'wanone." Wanaojua Kisukuma cha hapa wanajua kwamba mkwe haitwi hivyo ovyo: ni mwanangu wa kumzaa.

Kabula alinyonya saa nne na dakika ishirini asubuhi, kwa mujibu wa faili. Daktari Selestini aliichana rufaa yake siku iliyofuata, mbele ya wauguzi. Siku ya kumi na sita mama na mtoto walirudi Ngulyati, mtoto akiwa na kilo nne na nusu. Jumapili iliyofuata Kija alipokea komunyo. Kuhusu jikoni, tutasema tu kwamba alihama, na kwamba Kabula ana wadogo watatu. Binti mwenyewe yuko kidato cha tatu, na anaomba tuandike kuwa uzito wake wa sasa si habari ya gazeti.

Kutokana na siku zile, Januari 2009 stoo ya mashuka iligeuzwa kuwa Chumba cha Mama na Mtoto, kikiwa na vitanda viwili vya chini. Sasa ni vinne. Hadi mwishoni mwa Mei mwaka huu, akina mama 212 wamelazwa humo kwa maradhi ya nafsi wakiwa na watoto wao, na 209 wamerudi nyumbani wakiwa wamewabeba. Watoto wawili walifariki, mmoja kwa malaria na mwingine kwa nimonia. Mama mmoja aliondoka kabla ya wakati, akamwacha mtoto kwa bibi yake. Sista anawataja wote watatu kwa majina, na hakuruhusu takwimu ziandikwe bila wao.

Kulikuwa na tatizo moja. Kwa miaka kumi na sita utaratibu huu ulisimama juu ya mtu mmoja. Kila daktari mgeni aliandika rufaa ya mama peke yake, na kila mara Sista alikwenda mlangoni kwake, akabisha, akashinda. Tulipomuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, tayari tukiwa na wazo la makochi, alisema makochi anayo. Alitaka kifungu katika kanuni za hospitali. Bodi ilikutana Alhamisi, tarehe 12 Juni. Aliyesimama kukitetea alikuwa Daktari Selestini, sasa mstaafu na mjumbe wa bodi, ambaye alisoma kwa sauti barua ya rufaa aliyoiandika mwenyewe mwaka 2008. Nakala ilibaki katika faili. Kura zilikuwa tisa kwa sifuri. Kifungu cha 14 kinasema: "Mama anayetibiwa nafsi hatatenganishwa na mtoto anyonyaye, isipokuwa kwa sababu iliyoandikwa, kusainiwa na kupitiwa upya kila siku."

Muuguzi Nancy Joakim, aliyefundishwa na Sista kwa miaka sita, amekwishapokea funguo. Wiki hii kitanda cha pili kina mama wa miaka kumi na tisa kutoka Meatu na mtoto wake wa wiki tano. Daktari wa zamu, mwenye miezi miwili tu hapa, hakuandika rufaa. Aliandika: "Wabaki wote wawili." Hakuna aliyebisha mlangoni kwake.

Mayu Generoza, asante kwa kazi iliyokamilika. Nenda Malampaka ukapumzike, na siku zako huko ziwe nyingi na njema.