Jumapili za Papa Urbain Mushagalusa (1966–2025)

Kila asubuhi, gari liliposimama kwenye robot, taa za barabarani, ya Umbilo Road, Papa Urbain alizima redio na kumtaja mtu mmoja mbele za Mungu, hasa yule aliyemuudhi jana yake. Siku moja sala ilirefuka. "Papa Jeancy, robot iko green!" mkewe alimwambia, akimwita baba wa Jeancy, mtoto wao. "Watu wanapiga honi!" Akajibu, macho bado ameyafumba: "Wapige tu. Leo namuombea bosi, iko na mambo mingi."

Marehemu alizaliwa Walungu, Kivu Kusini, tarehe 14 Aprili 1966. Alisoma shule ya msingi hapohapo na sekondari Bukavu, akawa mwalimu wa hesabu. Mwaka 1994 alifunga ndoa na Mama Odette. Vita viliwatoa nyumbani, na mwaka 2003 wakafika Durban. Mwalimu alilinda magari ya watu kando ya barabara kwa miaka minne, kisha akapata kazi mtaa wa Clairwood, ya kufunga mizigo kwenye malori yanayotoka bandarini.

Huko alimpata rafiki, Shomari, Mtanzania wa Kigoma. Walipatana hivi: Ijumaa mchana Urbain alishika kazi ya Shomari ili aende msikitini, na Jumapili Shomari alishika ya Urbain. Papa Urbain aliitunza Jumapili kwa ukali. Nyumbani hatukufua, hatukununua hata mkate. Alisema mwenye kumpa Mungu siku yake hapungukiwi.

Jumapili, tarehe 12 Machi 2017, mabomba ya chuma yaliporomoka kutoka kwenye lori, yakamuua Shomari. Ilikuwa zamu ya Papa Urbain.

Jumapili iliyofuata, kanisani, aliitwa mbele atoe ushuhuda jinsi ibada ilivyomwokoa. Watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi. Alishika maikrofoni, akasema: "Muende museme vile mbele ya bibi ya Shomari. Mukirudi, nami nitashuhudia." Akarudi kukaa. Wapo waliosema amepoa kiroho.

Hakuacha kanisa. Lakini tangu hapo hakuzungumza tena juu ya siku ya Mungu kana kwamba ni moja tu. Sala za kwenye robot zilianza mwezi ule. Alifunga Jumatano, na chakula alichokiacha alikipeleka kwa mtu. Kila Jumapili baada ya ibada alikwenda kwa Mama Zuhura, mjane wa Shomari. Mwaka wa kwanza hakufunguliwa mlango. Aliacha mfuko wa unga, akashuka ngazi. Siku mlango ulipofunguliwa, Mama Zuhura alimtazama akasema: "Unga umetosha, baba. Kama kweli unataka kusaidia, bomba la jikoni linavuja." Papa Urbain, ambaye hakuwahi kushika hata msumari siku ya Jumapili, alivua koti la kanisani akaingia chini ya sinki. Alirudi nyumbani ameloa, na bomba lilikuwa bado linavuja.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa kazi. Aliugua muda mrefu na kwa maumivu, na hatutasema hapa kwamba hakulalamika. Alilalamika, mara nyingi kwa Mungu mwenyewe. Alifariki hospitalini Jumatano, tarehe 6 Agosti 2025, Mama Odette akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Mama Odette. Watoto, Jeancy, Cathy na Israël. Na mjukuu, Gracieuse. Mama Zuhura na wanawe wameomba wakae nasi kwenye viti vya familia, nasi tumewakaribisha. Mungu ampe baba yetu pumziko ambalo hapa hakulipata.

Wiki yake ya mwisho, binti yake Cathy, aliyeandika wasifu huu, alimuuliza jambo ambalo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumuuliza: kama angejua yatakayompata Shomari, je, angeacha ibada aende kazini mwenyewe?

Alifumba macho, kama alivyofanya kwenye robot.

"Sijue, mwanangu," alisema. "Ningependa kusema ndiyo. Lakini sijue."