Magauni ya Pazia

Fundi cherehani aliketi nyuma ya wanawake wawili kwenye basi, maneno yakamfikia bila kuyatafuta. Muuguzi alikuwa akimwonyesha jirani yake wa kiti magauni ya binti zake, aliyoyashona kwa pazia la chumbani kwake.

“Watachekwa, dada yangu,” jirani alisema.

“Hata sisi tulichekwa. Mama alitushonea magauni kwa pazia la chumbani kwake. Tukisimama karibu na lile la sebuleni, la kitambaa kilekile, wageni hawatuoni. Yeye akawa anaamka na jua usoni, eti analipenda jua. Juzi niliposhusha pazia langu, jua likaniamsha, ndipo nilipojua hakulipenda hata kidogo.”

Jirani alicheka hadi akashika mbavu. “Basi waongezee mifuko.”

“Ya kutia nini?”

Basi likasimama. Wakashuka wakibishana kwa vicheko, na fundi akakubali moyoni kwamba mifuko ingependeza.