Marehemu Graciana Arrambide, Fundi wa Magari Yanayogonga

Marehemu Graciana Arrambide alizaliwa tarehe 3 Novemba 1944 hapa Sorrel Wells, kaunti ya Elko, Nevada. Alikuwa mtoto wa tatu na binti pekee wa marehemu mzee Arnaud Arrambide na marehemu mama Marie. Baba yake alitoka kwao kwenye milima ya Wabaski, mpakani mwa Ufaransa na Hispania, akiwa kijana, akaja kuchunga kondoo wa watu. Miguu ilipochoka alipewa kazi ya kuwapelekea wachungaji chakula kambini: mikate, maharage, vitunguu saumu na divai, kwa lori kuukuu la jeshi lililovuta kwa magurudumu yote manne na kugonga kila mahali. Graciana alipokuwa na miaka minane, mzee alikuwa akimteremsha atembee kando ya lori, lenyewe likienda mwendo wa kobe, amsikilizie kelele inatoka wapi.

"Nyuma au mbele?" mzee aliuliza siku moja, kichwa nje ya dirisha.

"Katikati, Baba."

"Katikati hakuna gurudumu, wewe mtoto."

"Basi huko huko kusiko na gurudumu ndiko kunakogonga."

Mzee alilala chini akatazama. Ile propela shafti, chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, ilikuwa inacheza kwenye krosi yake, kiungo kinachoiwezesha kujipinda. Krosi ilikuwa imekwisha kabisa. Tangu siku hiyo mzee Arnaud hakumbishia tena binti yake habari za kelele, ingawa aliendelea kumbishia habari za mambo mengine yote.

Marehemu alisoma shule ya msingi na ya sekondari hapa mjini, akahitimu Juni 1962. Aliomba kuingia darasa la ufundi wa chuma, akaambiwa hilo ni la wavulana, akapelekwa darasa la mapishi. Ripoti yake ya muhula wa pili bado ipo nyumbani. Mwalimu wake aliandika hivi: "Graciana amerekebisha jiko. Hajapika kitu." Wanaomjua hawatashangaa.

Baada ya shule alifanya kazi miaka mitano kwenye gereji ya mzee mmoja mjini Elko, na tarehe 1 Machi 1967 akafungua gereji yake nyuma ya nyumba ya wageni ya Wabaski, ile yenye meza ndefu wanayokula watu wote pamoja. Magari ya barabarani hakuyapenda sana. Alipenda magari makuukuu ya ranchi, yale ya magurudumu manne, na kelele aliyoifuatilia ilikuwa moja: kugonga kwa chini. Kabla ya kugusa spana aliuliza maswali matatu. Linagonga ukiondoka? Linagonga ukiachia mafuta? Linagonga ukikata kona? Ukijibu vizuri, alikuwa amekwisha kujua nusu ya ugonjwa. Ukianza kumfundisha kazi, alikaa kwenye ndoo akasubiri umalize.

Mfano mzuri ni jirani yetu mzee Leon Inchauspe, ambaye yupo hapa leo na ametoa ruhusa asemwe. Mei 1978 aliteremka kutoka ranchi yake chini ya mlima Harrow, gari likipiga chini mpaka watu wakatoka madukani kuangalia.

"Difu imekufa, Graciana," alisema, akimaanisha zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu. "Nikikata kona inalia kama inavunjwa kwa nyundo."

"Ulifunga lini kufuli za magurudumu ya mbele?"

"Oktoba, theluji ilipoanza."

"Na sasa ni mwezi gani?"

"Sasa kalenda imeingiaje hapa?"

"Wewe Leon, umekuja maili thelathini juu ya lami kavu, magurudumu yote manne yanavuta. Kwenye matope gurudumu likibanwa linateleza. Kwenye lami litateleza wapi? Chuma kinakaza, kinakaza, halafu kinaachia kwa kishindo. Hiyo ndiyo difu yako iliyokufa."

Aliinama akazifungua zile kufuli, vifundo vya katikati ya magurudumu vinavyoyafanya yavute, kwa mkono, moja kushoto, moja kulia, akamrudisha kwao. Mwaka uliofuata Leon alifanya vilevile, na mwaka uliofuata tena. Sikio la kufa halisikii dawa. Lakini marehemu hakumfukuza hata mara moja, kwa kuwa alikuwa na sharti moja alilolibeba kama deni la roho: gari lisitoke uani kwake kama halijapona. Hapa kwetu mtu akikwama mlimani Januari hapati msaada mpaka kesho yake, na kesho yake anaweza kuwa amekwisha kuganda. Alilijua hilo, na lilimkosesha usingizi kuliko jambo lingine lolote.

Tarehe 14 Juni 1969 alifunga ndoa na Fermin Olabarria, mwokaji mikate wa nyumba ya wageni, mtu mpole aliyeoka mikate mikubwa ya wachungaji kwenye sufuria ya chuma na kukataa katakata kujifunza kuendesha gari. Miaka arobaini na sita marehemu alimwendesha mumewe kila mahali, na Fermin alilipa nauli kwa mkate wa moto na hadithi za uongo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Beñat mwaka 1972 na Terese mwaka 1975. Ilikuwa ndoa yenye kicheko. Mkwewe anayesoma maneno haya aliolewa na Beñat mwaka 1998, na siku ya kwanza kuingia nyumba ile alipewa bakuli la supu kwa mkono mmoja na bomba la grisi kwa mkono mwingine.

Familia imekubaliana kwamba sura inayofuata isifichwe, kwa sababu yeye mwenyewe hakuificha, ijapokuwa alichelewa. Kuanzia mwaka 2006 masikio ya marehemu yalianza kufifia. Hakumwambia mtu. Alijifunza kusoma midomo, akawa anajibu kwa kutikisa kichwa, na sisi tukadhani ni ukali wa uzee. Tarehe 20 Oktoba 2009 Leon alileta gari, akasema anasikia mlio mdogo wa kugonga akiachia mafuta. Marehemu alipanda naye, wakazunguka mji mara mbili.

"Sisikii kitu," alimwambia. "Nenda salama."

Ilikuwa kweli kabisa kwamba hakusikia kitu. Siku ya pili yake krosi ya mbele ilikatika, propela shafti ikaanguka ikajichimbia kwenye lami, na gari likaingia mtaroni. Leon alivunjika mfupa wa bega. Mkewe, marehemu Bernadette, alitoka bila mchubuko, ashukuriwe Mungu.

Mficha maradhi kifo humfichua, na kilichomfichua yeye kilikuwa karibu kuwa kifo cha mwingine. Jioni ile ile alikwenda hospitali, akasimama mbele ya kitanda, akasema, "Leon, nimekuwa kiziwi miaka mitatu. Nilikuwa najua." Kisha alirudi, akamkabidhi Beñat funguo za gereji. Beñat, kwa hasira ya mtoto aliyetishika, alimwambia, "Mama, usiguse tena gari la mtu." Hakugusa. Alikaa nyumbani majira mawili ya baridi, akasugua mabati ya Fermin ya kuokea, akajaribu na kuoka.

"Mke wangu," Fermin alimwambia siku moja huku akigonga mkate mezani, "huu tungeupeleka wajengee ukuta. Rudi gereji."

Hakurudi. Haikuwa tena neno la Beñat lililomzuia. Aliogopa mikono yake mwenyewe.

Mwezi wa Aprili 2011, kondoo wakiwa wanazaa, gari la Leon lilianza kugonga upya. Lilikaa gereji wiki tatu. Beñat alibadilisha krosi zote mbili, akabadilisha raba za giaboksi, akafungua difu akaikuta nzima, akaifunga. Likaendelea kugonga. Leon, badala ya kwenda kwa fundi wa mjini Elko kama ambavyo angefanya mtu mwenye akili, alikwenda moja kwa moja mpaka nyumbani, akasimama mlangoni, akasema kwa midomo mipana ili asomeke.

"Njoo."

"Mimi kiziwi, Leon."

"Najua. Bega linanikumbusha kila kukiwa na baridi. Njoo hivyo hivyo."

"Nikikuua je?"

"Mwaka ule ulishindwa ukiwa unajificha. Sasa hujifichi. Haya, vaa viatu."

Alikwenda. Alipanda gari, akamwambia Beñat aendeshe, asimame, aondoke, asimame tena. Hakuuliza linasikikaje. Aliweka kiganja kimoja juu ya mkono wa gia na kingine sakafuni, akafumba macho. Gari lilipokuwa linamalizia kusimama, aliinua kidole. Lilipoanza kuondoka, akakiinua tena.

"Linagonga mara moja tu likitulia, na mara moja likianza," alisema. "Krosi mbovu haina adabu hiyo. Teremka."

Walitega magurudumu kwa magogo, akalala chini akiwa na miaka sitini na sita, akaishika propela kwa viganja viwili, Beñat akalisukumasukuma gari mbele na nyuma. Propela ile ina sehemu moja inayoteleza ndani ya nyingine, ili irefuke na ifupike gari linapopanda mashimo. Ilitakiwa kuteleza kama kisu kwenye siagi. Yeye alihisi inakwama, kisha inaruka. Beñat alikuwa amepaka grisi kila mahali, ila tundu la kupitishia grisi pale lilikuwa limezibwa na tope lililokauka, kwa hiyo grisi aliyopiga ilitoka pembeni na hakuna hata tone lililoingia.

Kabla ya kuifungua alichora mstari mmoja wa rangi nyeupe juu ya vipande vyote viwili. Ukivirudisha bila kuvipatanisha, utaponya kugonga na kuanzisha kutetemeka. Akasafisha, akajaza grisi, akarudisha mstari kwa mstari. Walizunguka mji. Kimya. Wakaenda mpaka mwisho wa lami na kurudi, na kiganja chake hakikuondoka kwenye mkono wa gia.

"Wiki tatu," alisema Beñat, uso umemwiva. "Wiki tatu, na ilikuwa grisi?"

"Ilikuwa grisi. Usimwambie mtu."

Kabla ya chakula cha jioni Leon alikuwa amewaambia watu wote wa meza ndefu. Marehemu aliona midomo yao yote inazungumza jambo lilelile, akacheka mpaka machozi. Kesho yake asubuhi Beñat alikwenda kumchukua, akamwomba radhi, na kuanzia hapo hakuna gari lililotoka bila mama na mwana kupanda wote wawili, mmoja na masikio yake, mwingine na viganja vyake. Mashine za masikioni alinunuliwa, akazivaa kanisani. Gereji alizivua, akasema zinampigia kelele za bure. Miaka ile kumi na moja ndiyo aliyoiita miaka yake mizuri, hata baada ya Fermin kututoka kwa amani tarehe 2 Septemba 2015.

Mwezi wa Novemba 2022 marehemu alianza kuugua moyo. Alilazwa mara mbili mjini Elko, na mara ya pili daktari alituambia ukweli, naye akausoma kwenye midomo ya daktari kabla hatujaufasiri. Alisema ameshiba umri, anataka kitanda chake. Jumatano tarehe 29 Machi 2023 Beñat alimleta nyumbani kwa gari la gereji, yeye amefungwa blanketi kiti cha mbele, mkwewe nyuma na mifuko. Kwa desturi alinyoosha mkono akauweka juu ya gia. Tulipoanza kuupanda mlima Harrow, ulio njiani kutoka Elko, ulisikika mlio mmoja wa kugonga, mdogo sana. Beñat aliendelea kuendesha. Alisubiri.

Mama alimgeukia. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ni nini?"

Beñat aliachia mafuta kidogo, akayarudisha, akasikiliza. Alimgeukia ili midomo ionekane. "Krosi ya nyuma. Ndiyo kwanza inaanza, itatufikisha. Naifungua kesho asubuhi, na gari halitoki mpaka niifunge mpya."

Mama aliuondoa mkono kwenye gia, akauingiza ndani ya blanketi, akafumba macho. Alilala njia yote mpaka nyumbani. Katika miaka ishirini na mitano mkwewe hakuwahi kumwona akisinzia ndani ya gari linalogonga.

Marehemu alifariki usingizini Jumatatu ya Pasaka, tarehe 10 Aprili 2023, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na minane. Ameacha kaka yake Michel, mwanawe Beñat na mkwewe Noreen, binti yake Terese wa Reno, wajukuu wanne, jirani yake Leon, ambaye mwaka huu, kwa mara ya kwanza, amefungua kufuli zake mwezi Machi, na magari mengi makuukuu yanayopanda mlima huu na kurudi. Baada ya mazishi, wote mnakaribishwa kwenye meza ndefu.

Graciana amekabidhi kazi. Mungu ampe pumziko lake la amani.