Jiwe Langu la Luchelele

Sogeeni, wanangu, na safari hii kila mmoja ataje jina lake kwanza, maana nimeshaaibika. Nusu ya wosia wangu nimeimwaga asubuhi kwa fundi bomba. Nilisikia mtu kakaa kando ya kitanda, anahema kama mwanangu Mihayo, nikamshika mkono, nikamwachia kamera yangu kubwa, nikamsihi amheshimu dada yake na aache pombe. Alinyamaza mpaka nikaanza kumbariki, ndipo akasema, "Shikamoo mzee, mimi ni Farouk, nimekuja kuangalia koki. Ila pombe nitaacha." Kamera mkamwombe kwa upole. Ni mtu mwema, alilia.

Macho yamekwenda, figo zimekwenda, na hizi dawa zinanivuruga hata sijui kama leo niko Igogo au Oslo. Nikipotea, nirudisheni.

Nilianzia hapa hapa Igogo, studio ya picha za pasipoti, na nyuma ya mteja kitambaa chenye maporomoko ya maji ambayo hayapo popote duniani. Siku moja nikawapeleka maharusi kwenye kiwanja chetu cha Luchelele, nikawasimamisha mbele ya lile jiwe kubwa la ufukweni. Bwana harusi akateleza, bibi harusi akainama kumwinua, na mimi kidole kilikuwa kimeshabonyeza. Picha ikatoka jiwe tupu, ziwa nyuma yake, na mwanga ambao nilipokuwa pale sikuuona. Bibi yenu, mama yangu, akaishika, akaigeuza, akaigeuza tena: "Ndalahwa, hii imeharibika. Mtu yuko wapi?" Kesho yake nilirudi kwenye jiwe, na mwaka uliofuata, mpaka nikaota mvi.

Mwanzoni nilidhani natafuta uzuri, nikapiga machweo mekundu, hoteli zikayaweka kwenye kalenda, yakanichosha kama uji wa kila siku. Nikahamia kwenye ukungu, kisha mvua, kisha jua la mchana ambalo kila mpiga picha hulikimbia, jiwe likaonekana kama mkate ulioungua, nikafurahi, sijui kwa nini. Mwisho nikapiga ziwa lilipotulia kabisa, jiwe juu na jiwe ndani ya maji. Hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye maonyesho ya Oslo, wakaitundika kichwa chini, na mimi nikasimama mbele yake nikaeleza kwa kirefu maana yake, wakapiga makofi. Nikagundua nikiwa kwenye ndege ya kurudi, na kuku mdomoni. Sasa niambieni, kama mimi mwenyewe sikujua juu ni wapi na chini ni wapi, miaka yote ile nilikuwa natazama nini?

Nilikuwa wapi? Ndiyo, mali. Nyumba hii ni yako, Wilhelmina, na wapangaji msiwasumbue. Picha gawaneni, na msipoelewana mpeni yule atakayezitundika, siyo atakayezifungia kabatini. Halafu kuna Machibya, jirani yetu wa Luchelele. Yule bwana akipita na ng'ombe wake huliambia jiwe shikamoo kwanza, ndipo anaponisalimia mimi, na kwa hilo nimemnunia muda mrefu. Mwambieni yamekwisha. Jiwe ni kubwa kwangu kiumri, alikuwa na haki.

Mihayo, kiwanja ni chako, jenga. Lakini jiwe msilipasue. Najua wenye nyundo wamelizunguka siku nyingi wakilitamani kwa kokoto. Msiniulize sababu, maana asubuhi nikiamka naliona ni jiwe tu, Mwanza nzima imejaa mawe, na ikifika adhuhuri naona likiondoka basi picha zangu zote zitakuwa sawa na yale maporomoko ya kitambaa, za mahali ambapo hapapo. Sijui ni lipi la kweli. Labda yote. Liacheni tu.

Nikifa mnizike Usagara, karibu na baba yangu. Na mtu asinipige picha ndani ya jeneza, sijawahi kutoka vizuri nikiwa nimefumba macho.

Haya... pumzi inakata. Leteni mikono. Mungu awape nyumba isiyokosa mgeni, awape usingizi, awape... mpendane, wanangu, hata siku mtakapochokana. Mihayo, usimwinulie dada yako sauti. Wilhelmina, wewe ndiye mkubwa, mdogo wako atafuata neno lako. Niahidi habari ya jiwe. Neno moja tu, nikalale. Wilhelmina... mama, niahidi.

"Jiwe tulilipasua tangu Pasaka, baba. Ndilo linalolipia kukusafisha damu. Haya, geuka huku nikubadilishie shuka."